Elfu Ishirini Mkononi: Gitaa la Pili, Kutengeneza la Kwanza, au Udi?

Mtoto wa ami yangu ana shilingi elfu ishirini alizodunduliza tangu Idi, na ana gitaa moja kavu, yaani lisilotumia umeme, la nyuzi za chuma. Wiki ya tatu hii, kila tukikaa barazani baada ya sala ya Isha, swali lake ni lile lile: "Kaka, ninunue la pili?" Ananiuliza mimi kwa sababu nina magitaa matatu, na kuna mwaka yalikuwa manne, ingawa sijawahi kulipwa hata shilingi kwa kupiga. Mchana nafundisha hisabati, jioni napanda darini na gitaa mpaka usingizi unite. Nimekuwa nikimjibu vipande vipande, leo hiki kesho kile. Nimeona afadhali niliseme jambo lote mara moja, maana si yeye peke yake hapa Lamu aliye kwenye njia panda hiyo.

Nianze na hukumu yangu. Kwa elfu ishirini, mtu wa Lamu anayepiga kwa kujifurahisha, na gitaa lake halijavunjika, atumie kwanza elfu tatu au nne kulitengeneza alilonalo. Kisha asubiri mwezi mzima. Hamu ikiwa bado ipo, na akiweza kuitaja kwa maneno sauti anayoitaka ambayo gitaa lake haliwezi kuitoa, basi anunue, na kwa mji huu chaguo langu ni gitaa la nyuzi za nailoni. La umeme naliweka la pili, kwa masharti. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ni habari nyingine kabisa na nitaifikia.

Kutengeneza ulilonalo

Wengi huanza kutamani gitaa jipya siku wanaposhindwa na kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Nimeliona hilo kwangu na kwa kila niliyekaa naye kumfundisha. Kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, freti zikiwa vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, unakandamiza mpaka mkono unatetemeka, na bado nyuzi mbili zinatoa sauti ya kijiti. Unapumzika, unafungua simu, unamwona mtu anaipiga kodi ile ile bila jasho kwenye gitaa linalong'aa, na moyo unakuambia kwamba tofauti ni gitaa. Moyo hapo una ukweli wake. Mara nyingi kasoro imo ndani ya gitaa kweli, lakini imo katika kijipande cha mfupa au plastiki kinachorekebishika kwa bei ya chakula cha mchana.

Kule mwisho wa shingo, kabla ya kufika kwenye vigingi vya kukazia, nyuzi hupita juu ya kijipande chenye vijifereji sita. Magitaa ya bei nafuu mara nyingi hutoka kiwandani vijifereji hivyo havijachimbwa vya kutosha. Nyuzi zinabaki juu mno penye freti ya kwanza, pale pale F inapopigwa. Kujua kama hii ndiyo shida yako, funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza, kisha lipige umbo lile lile la F freti moja mbele. Likiwa jepesi ghafla, vidole vyako havina kosa. Vijifereji ndivyo vinavyotaka tupa ndogo na mtu mwenye subira.

Kijipande cha pili kiko darajani, kwenye tumbo la gitaa. Chukua rula yenye milimita, pima nafasi iliyopo kati ya freti ya 12 na uzi mnene. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, milimita mbili na nusu hivi ni nzuri. La nailoni linahitaji kama nne, na la umeme hushuka mpaka mbili au chini yake. La mtoto wa ami nililipima wiki iliyopita: milimita nne na nusu, ilhali ni la chuma. Nilimwonea huruma. Miezi minane kijana huyu amekuwa akipambana na chombo ambacho hata mpigaji hodari kingemchosha kabla ya wimbo wa tatu.

Langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshatafuta mnunuzi, kisha jirani akanielekeza kwa fundi mmoja wa kuchonga milango, mzee ambaye hajawahi kushika gitaa la mtu. Nilimweleza ninachotaka: kile kijipande cha darajani kipungue kwa chini, kibaki kimenyooka kabisa. Alitandika msasa juu ya kioo, akakisugua taratibu, akawa ananiuliza kila baada ya muda, "Mwanangu, bado?" Kanuni ni kwamba ukitaka nyuzi zishuke milimita moja penye freti ya 12, punguza milimita mbili darajani, maana freti hiyo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Tulikwenda nusu milimita kwa nusu milimita, kwa sababu kilichosuguliwa hakirudishwi, na nyuzi zikishuka kupita kiasi huanza kugonga freti na kunguruma. Saa moja haikutimia. Alipomaliza akaligeuza gitaa, akaliangalia nyuma na mbele, akasema, "Mti hauna makosa. Aliyeukata ndiye aliyekuwa na haraka." Gitaa hilo ninalo hadi leo, na ndilo ninalolipiga kuliko yote.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo linalowaponza wengi dukani. Gitaa jipya linapolia vizuri, sehemu kubwa ya uzuri ule ni nyuzi mpya. Nyuzi za gitaa kavu huwa zimezungushiwa shaba iliyochanganywa na madini mengine, na zikiwa mpya zina mng'ao wa sauti unaopotea kadiri jasho, vumbi na kutu vinavyoingia kwenye mizunguko ile. Mtu ana gitaa nyumbani lenye nyuzi za mwaka mzima. Anaingia duka la Mombasa, anapiga kodi moja ya G, roho inampaa. Analinganisha nyuzi mpya na nyuzi kuukuu, naye anadhani analinganisha magitaa mawili. Namwambia kila anayeniomba ushauri: kabla ya safari ya kununua, badilisha nyuzi za gitaa lako, lipige siku tatu, ndipo uende.

Chumvi na unyevu

Haya yanatuhusu sisi wa visiwani kuliko mtu wa Nairobi, na sioni mwongozo wowote wa kununua gitaa unaoyasema kwa uzito wake.

Watengenezaji wa magitaa hupendekeza chombo kikae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hapa kwetu tunapita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Mbao ikinywa maji hutanuka. Kifua cha gitaa, ule ubao wake wa mbele, huvimba kidogo, daraja hupanda nacho, na nyuzi hupanda nalo. Ndiyo maana gitaa lililokuwa laini mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, linaweza kuwa gumu mwezi wa Mei mvua za masika zikiwa zimeshika. Halijaharibika. Kaza roho, usikimbilie kununua jingine wakati wa masika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kawaida. Utaambiwa kila mahali kwamba gitaa zuri ni lile ambalo kifua chake ni mbao nzima, na lile la plaiwudi ni la kuanzia tu. Kwa sauti ni kweli: mbao nzima hutetemeka kwa uhuru zaidi na hupendeza kadiri miaka inavyokwenda. Lakini plaiwudi, kwa kuwa imegandishwa tabaka juu ya tabaka huku nyuzi za mti zikipishana, haivimbi wala kupasuka kwa urahisi. Kwenye nyumba iliyo hatua mia kutoka baharini, gitaa la plaiwudi lililotunzwa hushinda la mbao nzima lililoning'inizwa ukutani. Kama huna sanduku gumu linalofungika vizuri, usilipie mbao nzima.

Na usilitundike kwenye ukuta wa nje. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazopendeza wakati wa joto, lakini gitaa langu la pili lililala kwenye ukuta wa aina hiyo Ramadhani nzima na nililikuta na ukungu mgongoni. Sasa yote yanalala ndani ya masanduku, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nimewaomba wenye maduka wanihifadhie, nao hunipa bure.

Nyuzi za chuma ndizo zinazoumia zaidi. Kwa kipimo changu mwenyewe, darini, msimu wa kusi, seti huanza kubadilika rangi wiki ya tatu. Kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini ya uzi, huongeza wiki moja au mbili. Ziko pia nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa kuzuia kutu. Bei yake ni maradufu au zaidi, nami kwa hapa naiona bei ya haki.

Chuma kando ya nailoni

Sasa tuseme umetengeneza, umesubiri, na bado unataka la pili. Ukiwa na la chuma kama mtoto wa ami, kununua jingine la chuma ni kununua sauti uliyonayo. Watu hufanya hivyo sana. Umbo limebadilika kidogo, rangi imekuwa ya machweo, jina kichwani limekuwa kubwa zaidi, lakini ukifumba macho utapiga nyimbo zile zile kwa sauti ya ndugu mapacha. La nailoni ni sauti nyingine kweli.

Tofauti yake inaanzia kwenye nguvu ya mvuto. Seti ya kawaida ya chuma kwenye gitaa kavu huvuta kwa jumla ya kilo 70 hivi. Ya nailoni ni kama 40. Vidole vinaijua tofauti hiyo dakika ya kwanza. Shingo ya nailoni ni pana, karibu milimita 52 kule juu, wakati ya chuma ni 43 au 44, kwa hiyo vidole vya mkono wa kulia vinapata nafasi ya kuchuna uzi mmoja mmoja, ila mwenye kiganja kidogo atataabika kwenye kodi za kulaza kidole. Sauti ya nailoni ni ya mviringo, fupi, haimfuniki mwimbaji. Barazani, watu wanne wamekaa, mmoja anaimba kwa sauti ya kawaida, gitaa la nailoni linakaa chini ya sauti yake kama mkeka. La chuma linataka kusikika, na kwenye kundi la watu kumi wanaopiga makofi ndilo linalofaa.

Umbo tunalolijua leo la gitaa la namna hiyo linatokana sana na kazi ya Antonio de Torres, fundi wa Uhispania wa karne ya 19. Wakati wake nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni iliingia baada ya Vita Kuu ya Pili, utumbo ulipoadimika, kwa juhudi za Albert Augustine huko New York akisaidiana na mpigaji Andrés Segovia. Kwa mtu wa pwani faida ya mabadiliko hayo iko wazi: nyuzi tatu nyembamba za nailoni hazina chuma cha kushika kutu hata kidogo. Zile tatu nene zimezungushiwa waya wa madini, na hizo hupoteza rangi na sauti, lakini unaweza kuzibadilisha hizo peke yake.

Onyo moja, kwa sababu nimeona magitaa mawili yakifa hivyo: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Lilijengwa kwa kilo 40. Ukilitia 70, daraja litang'oka au kifua kitapinda, na hakuna gundi itakayolirudisha lilivyokuwa.

La chuma nalo lina haki yake ambayo nailoni haiwezi kuichukua. Ukipenda upigaji wa Katanga, kusini mwa Kongo, ule wa kidole gumba kutembeza besi huku cha shahada kikipiga wimbo juu, unahitaji ukali wa chuma. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, alirekodi mtu mmoja na gitaa moja kavu, na upigaji huo ukasambaa mpaka Kenya ukafundisha wapigaji wengi waliokuja nyuma yake. Nikiwa na hamu ya kununua, huwa nakaa na upigaji wa namna hiyo wiki mbili, nijaribu kuutoa kwenye gitaa nililonalo. Kazi iliyomo ndani ya vidole viwili vile ni ya miaka.

Na kabla ya kutoa elfu kumi na tano kwa sauti tofauti, jaribu kapo ya mia tano. Ifunge freti ya tano na gitaa lako linakuwa chombo kidogo chenye sauti ya juu. Au iondoe kapo, ushushe uzi mnene wa E mpaka sauti ya D, yaani kutoka mitetemo 82 kwa sekunde hadi 73 hivi, na kodi ya D itapata kifua ambacho hukujua kimo ndani ya gitaa lile.

La umeme

Nitakuwa mfupi kidogo hapa, kwa sababu uamuzi wake ni rahisi kuliko unavyoonekana. Gitaa la umeme ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni amplifaya, waya, na mahali pa kuchomeka. Mwenye elfu ishirini hanunui gitaa la umeme la elfu ishirini, ananunua la kumi na mbili. Nililinunua langu bila kufikiria hivyo, nikabaki na hela za amplifaya dhaifu iliyokufa kabla ya mwaka.

Linalolipendelea ni kwamba tumbo lake ni ubao mzito usio na uwazi, na haliyumbishwi na unyevu kama gitaa kavu. Nyuzi ni nyembamba, shingo ni nyembamba, F inakuwa rahisi. Na usiku, ukitumia kifaa kidogo cha vipokea sauti vya masikioni, unapiga hata ikiwa saa sita bila kumwamsha mtu. Kwenye nyumba zetu zenye ua wa ndani ulio wazi, sauti ya gitaa kavu hupanda mpaka kwa jirani, kwa hiyo hili si dogo, hasa kwa mwenye watoto wadogo.

Upande mwingine ni chumvi. Sauti ya gitaa la umeme huzaliwa pale nyuzi za chuma zinapotetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Kila kiungo hapo ni madini: vitufe vya sauti, tundu la waya, swichi. Langu huanza kukwaruza kila baada ya miezi michache na hulisafisha kwa dawa ya mafundi wa redio. Na umeme ukikatika, jioni yako imekwisha.

Fundi Konde, mtoto wa pwani hii hii, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupiga gitaa la umeme nchini Kenya, kwa hiyo simwambii mtu kwamba chombo hiki ni cha wageni. Nasema tu: linunue kama una kikundi, au kama usiku ndio wakati wako pekee wa kupiga.

Udi

Wazee wanaonisikia nikipiga darini huniuliza kwa nini sikuanza na udi. Swali lina uzito. Mji huu ndio uliomzaa Zein l'Abdin, ambaye udi wake watu wa pwani nzima wanautambua kwa pigo la kwanza la risha, kile kijiti cha kuchunia nyuzi.

Anayefikiria kuongeza udi kama gitaa la tatu ajue kwamba hauongezi kitu kwenye gitaa, unaanzisha safari upya. Shingo yake haina freti. Gitaa limegawanya oktavu, yaani umbali wa sauti mpaka irudi ile ile kwa juu, vipande 12 vilivyo sawa, na kilicho kati ya kipande na kipande hukipati isipokuwa kwa kuvuta uzi. Maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati, zina sauti zinazokaa katikati hapo hapo. Ukijaribu kupiga taarabu ya zamani kwenye gitaa utafika karibu, na sikio lililolelewa hapa litajua kwamba hujafika. Udi unafika, lakini kidole chako ndicho kinachoitafuta sauti, bila chuma cha kukisaidia, na kujifunza huko kunataka mwalimu aliye hai mbele yako. Nyuzi kwa kawaida ni 11: jozi tano na mmoja mnene peke yake. Kuzitia sauti tu kunakula muda wa mwanzo wa kila jioni.

Kama unayo saa moja kwa siku na unataka muziki wa mji huu, uza gitaa ukanunue udi. Kuvishika vyote viwili kwa saa moja nilijaribu miezi minne, nikaona vyote viwili vinarudi nyuma. Niliurudisha udi kwa mwenyewe kwa masikitiko, na bado natamani.

Hesabu ya mwaka

Bei ya gitaa ni ya siku moja. Nyuzi ni za mwaka mzima. Mimi hununua seti kwa shilingi 900, na kwa hewa hii nabadilisha kila miezi miwili. Gitaa moja: seti sita, shilingi 5,400 kwa mwaka. Matatu: shilingi 16,200, ambazo ni bei ya gitaa jingine. Niliacha kubadilisha za mawili, nikawa na gitaa moja hai na mawili yaliyolala. Mtu akija kuniomba nimpe la pili alijaribu, ilinibidi nitafute uzi kwanza.

Muda nao ni hivyo hivyo. Dakika arubaini kwa siku, nikigawa kwa matatu, ni kumi na tatu kila moja, na kuyatuni tu yote kunakula kumi.

Neno letu chombo ni la gitaa na ni la jahazi pia. Hapa kisiwani kila mtu anafahamu kwamba mwenye majahazi matatu na mabaharia wa jahazi moja ana mawili yanayooza ufukweni, kwa kuwa jahazi lisiloingia majini hukauka mbao zikaachana. Nilipolitazama lile gitaa la nne nyuma ya mlango, nyuzi zimekuwa rangi ya udongo, niliona picha hiyo. Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja kwa nusu ya bei, alilipe kidogo kidogo. Sasa analipiga kila siku, na nikipita karibu na kwao nalisikia kutoka kwenye uchochoro likiwa na sauti ambayo kwangu halikuwahi kuitoa. Nilisimama nikasikiliza mpaka punda wa watu wakahitaji kupita.

Siku hizi hamu ikinijia, najiuliza nilipigaje wiki hiyo. Karibu kila mara nakuta imekuja nilipokwama: wimbo haupandi, kidole kidogo hakifiki, nimechoka na ninachokijua. Nikipata kipande kipya cha kujifunza, naweza kukaa miezi bila kutazama gitaa la mtu.

Ukiamua kununua

Elfu ishirini inapata gitaa zuri la mkono wa pili kuliko jipya la bei hiyo, kama unajua pa kutazama. Lisimamishe, uchungulie shingo kutoka kichwani kama seremala anavyochungulia ubao. Mpindo mdogo wa kwenda mbele unakubalika, msokoto haukubaliki. Chukua karatasi, jaribu kuipitisha chini ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia, liache. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, hata kama muuzaji anakutazama kwa uchovu. Kisha linganisha sauti ya uzi ukiwa umebonyezwa freti ya 12 na ile ya kuugusa tu hapo hapo bila kubonyeza. Zikitofautiana sana, gitaa hilo huenda likashindwa kukaa sawa kisauti na magitaa mengine.

Kulileta nyumbani, legeza nyuzi kidogo kabla ya basi, maana kutoka Mombasa mpaka Mokowe, tunapopandia boti, joto la ndani ya buti linalainisha gundi. Kaa nalo mapajani ukiweza. Kwenye boti mpe mtu unayemjua alishike wakati wa kupanda na kushuka. Likifika, lisilipigwe siku hiyo. Liache ndani ya mfuko wake lizoee hewa yetu siku mbili tatu, ndipo ulitie sauti.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mtoto wa ami kwa fundi yule yule wa milango. Kijipande cha darajani kilipunguzwa, vijifereji vikachimbwa, tukafunga seti mpya yenye utando. Jumla, pamoja na kapo, shilingi 3,700. Jana usiku barazani alipiga F mara nne mfululizo, nyuzi zote sita zikalia, akaniangalia bila kusema kitu. Zimebaki 16,300 na bado anasema anataka la nailoni, kwa sababu mama yake anapenda kuimba na la chuma linamzidi sauti. Hiyo ni sababu ninayoielewa. Masika yakimalizika tutakwenda Mombasa pamoja, na rula na karatasi vitakuwa mfukoni mwangu.